Fizi zilisafishwa zikapona, sasa damu imerudi tena

Shikamoo dokta, pole na majukumu. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Morogoro, nina miaka 43, nina mke na watoto watatu, majibu yako nayasoma muda mrefu ila sikuwahi kufikiria na mimi ntaandika, maana mambo ya mdomo ukweli yanatia aibu kuyaongea.

Iko hivi. Mwaka jana mwishoni fizi zilinitesa sana, nikipiga mswaki sinki lote jekundu, asubuhi naamka na ladha ya chuma mdomoni na foronya ina madoa ya damu, harufu ndo usiseme, mama watoto akawa anageukia ukutani usiku, hasemi kitu ila nilijua. Nikaenda kliniki moja mjini, daktari akanichomachoma kwenye fizi na kile kichuma chembamba huku anamtajia msaidizi wake namba, nne, sita, tano, saba, mwisho nikaambiwa ni ugonjwa wa fizi na umeshaanza kula mfupa unaoshikilia meno. Nikapigwa ganzi nikakwanguliwa upande mmoja, wiki iliyofuata upande wa pili, nikapewa Flagyl na amoksilini na ile dawa ya kusukutua inayoacha meno kahawia. Hela iliyokwenda pale ilikua ya mabati ya nyumba lakini nikasema afya kwanza.

Na kwakweli nilipona. Damu ikakata, harufu ikaisha, nikawa nafundisha bila kuziba mdomo na daftari.

Sasa imepita miezi kama minne mitano na mambo yanarudi yaleyale. Huku nyuma juu kulia damu inatoka nikigusa tu na mswaki, mpaka nimeamua upande huo niwe napita juujuu nisiutoneshe. Meno ya mbele chini, kwa ndani, nikipitisha ulimi nasikia mkwaruzo kama kuna kitu kimeganda. Kingine kinachonitisha, meno yanaonekana marefu kuliko zamani, katikati yamebaki matundu, nikila wali lazima nikae na kijiti, na maji baridi siyawezi tena. Kuna jino moja la mbele nalihisi linacheza kidogo. Mama mkwe alipoona akasema si nilikwambia, kukwangua meno ndo kunayalegeza, ule ukoga ndo ulikua umeyashikilia.

Nikampigia daktari, akasema nilitakiwa kurudi baada ya miezi mitatu na nitatakiwa niwe narudi hivohivo miaka yote. Miaka yote dokta! Hapo ndo nikaanza kuhisi nimeingizwa kwenye biashara ya watu. Ugonjwa gani unatibiwa halafu haponi mtu? Rafiki yangu ana duka la dawa, anasema wadudu hawakufa wote, nimeze Flagyl dozi nyingine kali zaidi niwamalize. Sijameza bado, nasubiri neno lako. Kwa sasa nasugua na chumvi na unga wa mkaa, usiku naweka karafuu kwenye fizi inayouma.

Halafu kinachoniuma zaidi, jirani yetu hapa ni mzee wa miaka sabini na kitu, mswaki anausikia kwa watu, na anatafuna muwa kwa meno yake mwenyewe! Mimi niliyepiga mswaki toka nasoma ndo niishie na mapengo? Sigara navuta ila sio nyingi, mbili tatu jioni. Ugonjwa mwingine sina, marehemu mama ndo alikua na kisukari, mi niko fiti, labda tu usiku naamka sana kukojoa nadhani ni kwa sababu ya maji ninayokunywa, siku hizi nayanywa sana.

Mke wangu naye anauliza kama naweza kumwambukiza, yeye na mtoto wetu mdogo ambaye huwa namlisha na kijiko changu. Nisaidie.

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Marahaba mwalimu, na asante kwa kuandika bila kuficha, maana mwishoni mwa barua yako kuna maneno umeyapita harakaharaka na mimi ndo yamenishtua kuliko hiyo damu. Ntayafikia.

Kwanza tulitoe hili la kuingizwa kwenye biashara. Kwa ulivyoeleza, yule daktari alifanya kazi yake: kapima jino kwa jino, kakwangua chini ya fizi kwa ganzi, kakupangia siku ya kurudi. Alichokunyima ni maelezo, na hili sisi madaktari wa meno tunalifanya sana, mgonjwa yuko mdomo wazi saa nzima hawezi kuuliza, akishuka kwenye kiti ganzi bado, anapewa cheti cha dawa huyo anaondoka. Ilitakiwa uambiwe siku ileile kwamba ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa uko kundi moja na presha, unadhibitiwa, hauishi ukasahaulika. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Na wadudu nao hawaishi mdomoni hata umeze nini.

Mdomoni mwa binadamu zimeshatambuliwa aina zaidi ya 700 za bakteria, kila mtu ana fungu lake la hizo, na nyingi hazina neno kabisa, nyingine zinatulinda. Wanaoharibu fizi ni wachache, maarufu kuliko wote anaitwa Porphyromonas gingivalis, na hao wanapenda pasipo na hewa, wanataka kimfuko kirefu kati ya fizi na jino ambako mswaki haufiki, na wanaishi kwa majimaji na damu inayovuja humohumo. Sasa angalia kinachotokea: fizi ikivimba inavuja, ikivuja wao wanakula, wakila wanazaana, wakizaana fizi inavimba zaidi. Kukwanguliwa kuliukata huo mzunguko, mifuko ikawa mifupi, damu ikakata, wakakosa chakula. Ila wapo waliobaki kwenye ulimi, kwenye tonsili, kwenye mashavu, wengine wamejificha mpaka ndani ya nyama ya fizi yenyewe, wanasubiri utando, yaani ule utelezi wa wadudu unaonata, ujijenge upya juu ya jino wapate pa kukaa.

Na utando haukawii, unaanza saa chache tu baada ya jino kusafishwa. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia acheni kabisa kusafisha meno. Baada ya siku 10 mpaka 21 wote fizi zilikua zimevimba, waliporudishiwa miswaki zikatulia ndani ya wiki moja hivi. Hao ni wazima. Kwa mtu kama wewe ambaye mifuko ilishawahi kuwa mirefu, wale wabaya huchukua wiki kadhaa mpaka miezi michache kurudi kwa wingi wao wa zamani, na huko ndo ilikotoka ile miezi mitatu, haikutoka kwenye hesabu za mhasibu wa kliniki. Mgonjwa akienda vizuri tunamsogezea, minne, sita, wengine mpaka mwaka. Siku ukiona kwenye hiyo miezi mitatu unaanza kuuziwa kung'arisha meno na kubandika vito, hapo una haki ya kukataa, hiyo sio tiba ya fizi.

Haya, Flagyl. Mwambie rafiki yako asante ila hapana. Utando wa kwenye jino ni kama ule utelezi unaojijenga ndani ya ndoo ya maji iliyokaa, unaweza ukamwaga dawa ya kuulia vijidudu humo na utelezi ukabaki palepale mpaka uingize mkono na brashi. Dawa inaua wa juu, wa ndani wamejikinga. Na hili sio jambo jipya mwalimu, mtu wa kwanza kuwaona wadudu wa mdomoni, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft kule Uholanzi aitwae Antonie van Leeuwenhoek, aliliona palepale mwanzoni. Mwaka 1683 aliandika kwamba yeye kila asubuhi anasugua meno na chumvi, na fizi zake hazitoi damu, lakini alipochokoa katikati ya magego akatoa kitu cheupe kama uji mzito, akakitazama kwenye darubini yake ya kujitengenezea, akakuta viumbe hai vimejaa vinacheza. Akasukutua na siki kali. Akachokoa tena, bado wapo. Ila siki hiyohiyo alipoichanganya na ule uchafu nje ya mdomo wote wakafa. Akahitimisha mwenyewe kwamba siki mdomoni iliua wale wa nje tu, haikupenya ndani. Karne zimepita na maduka ya dawa bado yanatuuzia siki, imebadilika chupa.

Sisemi Flagyl haina kazi kwenye fizi. Inayo, na ilijulikana kwa bahati, mwaka 1962 daktari mmoja Uingereza aliripoti kwamba mama aliyepewa dawa hiyo kwa ugonjwa wa ukeni akapona na vidonda vya fizi alivyokua navyo, kumbe inaua wadudu wasiopenda hewa popote walipo. Ndo maana kwa wagonjwa wachache wenye hali kama yako tunaiongeza pamoja na amoksilini, wakati uleule wa kukwangua, utando ukiwa umeshavunjwa. Kuimeza peke yake juu ya ukoga uliorudi utapata nafuu ya siku chache, kichefuchefu, na wadudu waliozoea dawa, halafu siku ukiihitaji kweli isikusaidie. Na usiongezewe "dozi kali" na mtu ambaye hajakuangalia mdomoni, hata kama mmecheza wote chandimu.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe nnavyoliona mimi. Mwalimu, unasafisha mdomo uliokua nao mwaka jana. Huo haupo tena. Zamani fizi zilikua zimevimba zimejaza nafasi zote katikati ya meno, ulikua huoni tundu. Uvimbe umeshuka, ndo maana meno yanaonekana marefu na yana nafasi, hayo sio madhara ya tiba, ndo sura ya fizi iliyopona juu ya mfupa ambao ulishapungua kabla hujafika kliniki. Ganzi ya maji baridi ni kwa sababu shina la jino lililokua limefunikwa sasa liko wazi, na hiyo kwa watu wengi inapungua ukitumia dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yenye ganzi, tena unatema povu tu, usisukutue na maji ukaiondoa yote. Lakini zile nafasi mpya hazisafishiki kwa mswaki wa kawaida, nywele za mswaki zinapita juu ya jino hazizami. Kwa hiyo kila siku unapiga mswaki, uso wa jino unang'aa, na ubavuni kwa jino, palepale ugonjwa ulipokua, hapaguswi wiki nzima.

Kifaa chake ni kile kibrashi kidogo cha kupitisha katikati ya meno, kina shina la waya na nywele fupi kama kibrashi cha kusafishia chuchu ya chupa ya mtoto, vinauzwa kwenye famasi za mjini na vina rangi tofauti kwa saizi. Simama mbele ya kioo mchana. Chagua saizi inayoingia kwa kubana kidogo, ikipwaya ni ndogo, ikigoma usilazimishe, shuka saizi. Kiingize sambamba na fizi sio kwa kuichoma fizi, kipeleke mpaka kitokee upande wa pili, kirudishe, mara chache hivi, kisha kiegemeze jino la kushoto usugue, kiegemeze la kulia usugue, maana unachosafisha ni mbavu mbili za meno mawili. Kila nafasi. Mara moja kwa siku inatosha, usiku kabla ya mswaki, bila dawa. Kwa magego ya juu kipinde kidogo shingo na usiachame sana, funga mdomo nusu ili shavu lilegee ndo mkono utapita. Kinuse kikitoka huko nyuma, utajua harufu inayomgeuza mama watoto ukutani inakaa wapi. Kioshe, kikaushe, unakitumia mpaka nywele zilale. Pale mbele ambapo meno yamebanana hakitapita, tumia uzi wa meno. Na kama umeenda kijijini huna chochote, mswaki wa mti uliotafunwa ncha ikawa laini unafika pazuri kuliko kijiti, kijiti nacho ukilazimika kitumie kusugua ubavu wa jino, sio kuchokoa fizi.

Na ile ya kupita juujuu upande unaotoa damu, acha leo hiihii. Karibu kila mgonjwa wangu wa fizi anafanya hivo na naelewa, nani anapenda kutonesha kidonda, ila damu ile inatoka kwa sababu pana utando, ukipaacha unapazidishia. Mswaki laini, nywele zielekee kwenye mshono wa fizi na jino, msuguo mdogomdogo. Siku za kwanza itatoka damu nyingi na itauma kidogo. Ukiendelea kila siku kwa wiki moja mbili itapungua, mara nyingi inakata, na hiyo ndo njia ya kujua tofauti: ikikata ilikua utando tu, ikigoma sehemu moja wakati kwingine kumekauka basi hapo chini kuna ukoga mgumu au mfuko uliobaki, na hapo mswaki hautakusaidia, ni mkono wa daktari.

Nahisi hilo la juu kulia litagoma. Magego ya juu yana mashina matatu yanayoachana kama panda, mfupa ukishuka mpaka kwenye panda wadudu wanaingia humo katikati na hata sisi na vyombo vyetu tunapata taabu kupafikia. Ule mkwaruzo wa meno ya mbele chini kwa ndani nao ni ukoga mgumu, pale chini ya ulimi ndo mate yanamwagikia na chumvi za kwenye mate ndo zinaugandisha utando ukawa jiwe, watu wengi unaanzia hapo hata wenye mswaki mzuri. Hautoki kwa chumvi wala mkaa. Mkaa uache kabisa, unakwangua shina laini la jino ambalo sasa halina hata fizi ya kulifunika, ganzi yako ya maji baridi unaiongeza mwenyewe. Maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo kusukutua ni sawa, yanatuliza. Karafuu inatia ganzi ndo maana unapata nafuu, ila ukiilaza kwenye fizi usiku kucha inaunguza. Ile dawa ya kahawia ilikua ya wiki chache tu, kama bado unaitumia weka kabatini, na madoa yake yanatoka ukisafishwa, sio meno yanaoza.

Sasa huyo mzee wako wa muwa. Kuanzia mwaka 1970 Löe huyohuyo na timu yake waliwafuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka kwa miaka 15, watu ambao mswaki hawakuujua, utando na ukoga wamejaa wote. Kama wadudu ndo kila kitu wangeharibika wote sawasawa. Wapi, asilimia 8 meno yaliharibika kwa kasi sana, asilimia 81 polepole, na asilimia 11 fizi zilivimba tu na haikwenda mbali zaidi ya hapo. Jirani yako huenda ni wa hiyo 11, na hakuna alichofanya cha kuigwa, mwili wake ndo umezaliwa unapatana na wadudu wake. Wewe uko kundi lingine, na swali la kujiuliza ni kitu gani kwako kinawapa wadudu nguvu.

Na hapa ndo narudi kwenye yale maneno. Una miaka 43, mama alikua na kisukari, unaamka usiku kukojoa, unakunywa maji mengi siku hizi, na fizi zilizotibiwa vizuri zinarudi nyuma haraka. Wiki hii, kabla ya kibrashi, kabla ya daktari wa meno, nenda kituo chochote cha afya asubuhi hujala wakupime sukari, na pakiwepo uwezo omba na kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Inawezekana huna kitu na ni maji tu kweli. Ila kisukari ambacho hakijajulikana ndo kinavyojitokezaga, na wakati mwingine sisi wa meno ndo tunakishtukia wa kwanza. Sukari ikiwa juu kinga ya fizi inalegea na kidonda kinachelewa kupona, na fizi ikiwa na uvimbe wa muda mrefu sukari nayo inakua ngumu kushuka, zinasukumana. Uzuri wake ni kwamba na tiba inakwenda hivohivo pande mbili, fizi zikidhibitiwa sukari nayo inashuka kidogo.

Sigara mbili tatu, mwalimu, kwa fizi zako hizo sio chache. Tena sigara ina ujanja, inabana mishipa midogo ya damu, mvutaji fizi zake hazitoi damu sana hata zikiwa mbovu, kwa hiyo inawezekana unachokiona kwenye mswaki ni pungufu ya kilichopo. Ukiacha, usishangae damu ikaongezeka kidogo mwanzoni.

Ukirudi kliniki, na urudi mwezi huu usisubiri, omba zile namba. Ni haki yako. Kila jino linapimwa sehemu sita, ni milimita za urefu wa mfuko. Moja mpaka tatu ni sawa. Nne isiyotoa damu tunaiangalia tu. Tano ikitoa damu inakwanguliwa tena. Sita kwenda juu ambazo zimegoma baada ya kukwanguliwa vizuri ndo tunaanza kuongea habari ya upasuaji mdogo wa kuifunua fizi tusafishe tukiwa tunaona. Waambie waweke namba za mwaka jana pembeni ya za sasa, utaona mwenyewe wapi umepona na wapi bado, na huo ndo utakua ushahidi wako kama hela ya mabati ilikwenda bure au la. Nadhani utakuta sehemu nyingi zimeshuka.

Mama mkwe usibishane nae, anachokisema amekiona kweli kwa watu. Ukoga mwingi unaweza kuyafunga meno yaliyokwishalegea yakawa kama yamejengewa, ukiutoa yanacheza, mtu anamlaumu aliyeutoa. Aliyeyalegeza ni huyo ukoga. Jino lako la mbele linalocheza kidogo usikubali ling'olewe harakaharaka, meno mengi ya hivo yanakaza kiasi uvimbe ukiisha, na yakisumbua yanaweza kufungwa pamoja na ya jirani. Cha kukukimbiza hospitali siku hiyohiyo ni uvimbe wenye usaha, homa, shavu kujaa, au kushindwa kumeza, hapo hata kama ni Jumapili.

Mkeo mwambie wadudu wa mdomoni watu wanaoishi pamoja wanagawana kwa mate, hilo halina ubishi, ila kuwapata wadudu sio kuupata ugonjwa, na yeye keshaishi na wewe miaka yote hiyo akiwa na wake. Mabusu yaendelee. Mswaki tu ndo kila mtu na wake. Mtoto mpe kijiko chake, zaidi kwa ajili ya wadudu wanaotoboa meno ya watoto kuliko hawa wa fizi. Na siku unakwenda kupimwa fizi nenda na mama watoto apimwe na yeye, mama wa watoto watatu amepita mimba tatu na fizi za ujauzito huwa zinavimba kirahisi, wengi hawajawahi kuangaliwa toka hapo kwa sababu damu ilikata yenyewe baada ya kujifungua.